Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: si kila damu kwenye mkojo ni kichocho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.
Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Waheshimiwa wabunge wa kamati inayoshughulikia afya.

YAH: SIGARA NA SARATANI ZA NJIA YA MKOJO

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya rufaa huku Kanda ya Ziwa, kwenye wodi ya wagonjwa wa mfumo wa mkojo. Kazi yangu ni kuweka mipira ya mkojo, kusafisha vibofu vilivyoziba kwa mabonge ya damu, kumwandaa mgonjwa kwenda chumba cha upasuaji na kumpokea akirudi. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ninaloliona kazini na ambalo sijalisikia likisemwa kwa sauti: wanaume wanafika kwetu saratani ikiwa imeshaula ukuta wa kibofu, wengi wao wamevuta sigara tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sigara inafika mpaka kwenye kibofu.

Mapafu wanayajua. Kifua, kikohozi, TB, hayo yote mtu atakutajia mwenyewe. Lakini ukimuuliza mgonjwa anayekojoa damu kama anavuta, anakutazama kama umepotea njia. "Sista, mimi sikohoi. Sigara na kibofu wapi na wapi?" Ni swali la haki kabisa, na naona jibu lake lilipaswa kuwa limeandikwa kwenye pakiti aliyoitoa mfukoni kila siku kwa miaka 30.

Jibu lenyewe ni hili. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa zinasababisha saratani. Moshi haukai mapafuni. Sumu zake zinapenya kuta nyembamba za mapafu na kuingia kwenye damu, damu inazifikisha kwenye ini, ini linazibadilisha ili mwili uweze kuzitoa, kisha figo zinazichuja na kuzimwaga kwenye mkojo. Mpaka hapo mwili umejisafisha kama ulivyoumbwa. Tatizo ni kwamba mkojo hautoki papo hapo. Unakaa kibofuni saa nyingi, na mtu akilala unakaa usiku kucha, ukigusana na utando laini wa ndani ya kibofu. Humo zimo sumu za kundi linaloitwa amini za aromatiki. Mbili ndizo mashuhuri kwa ubaya: 4-aminobifenili na 2-naftilamini. Ndani ya mkojo zinafunguka, zinaingia kwenye seli za utando na kushikamana na vinasaba vyake. Sigara moja haimalizi kazi hiyo. Sigara kumi kwa siku, kwa miaka 30 au 40, zinaimaliza.

Utando huo hauko kibofuni peke yake. Unaanzia ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika, unashuka na mirija miwili mpaka kibofuni. Ndiyo maana saratani ya sigara inaweza kuota popote kwenye njia hiyo. Hata figo yenyewe haisalimiki: kwa mwanamume anayevuta, hatari ya saratani ya figo inapanda kwa takriban nusu juu ya ile ya asiyevuta. Lakini mzigo mkubwa unaubeba kibofu, kwa kuwa huko ndiko mkojo unakokaa.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ujerumani, Ludwig Rehn, alieleza juu ya vibarua wa kiwanda cha rangi waliopata uvimbe kwenye kibofu. Watafiti waliomfuata walichimba mpaka wakazifikia kemikali zenyewe. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper na wenzake, Marekani, waliwapa mbwa 2-naftilamini na mbwa wakaota saratani ya kibofu. Uingereza viwanda viliacha kuitengeneza kiasi cha mwaka 1950, na mwaka 1967 sheria ikaipiga marufuku moja kwa moja. Naomba jambo hili lizingatiwe, Mheshimiwa: kemikali ambayo kiwanda hakiruhusiwi kuitengeneza kwa sababu inawapa wafanyakazi saratani ya kibofu ndiyo hiyo iliyomo kwenye moshi wa sigara inayouzwa pembeni ya shule. Kwenye sigara ni kidogo sana kuliko kiwandani, nakubali. Lakini kibarua wa rangi alikuwa na saa ya kutoka kazini, na mvutaji hana.

Ukubwa wa hatari nao unajulikana. Mwaka 2011 Neal Freedman na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 450,000, wanaume kwa wanawake. Anayevuta alikuwa na hatari ya saratani ya kibofu mara nne ya yule ambaye hajawahi kuvuta. Aliyeacha alibaki na hatari ya takriban mara mbili. Walipopiga hesabu wakaona nusu ya saratani zote za kibofu katika watu wale zilitokana na sigara, kwa wanaume na kwa wanawake vilevile. Kingine kilichowashtua ni kwamba tafiti za miaka ya 1960 hadi 1980 zilikuwa zikionyesha hatari ya mara tatu hivi. Yaani sigara zimewekewa vichungi, zikaitwa laini, na kwa kibofu hazikupungua makali hata kidogo. Mgonjwa akiniambia alihamia sigara "nyepesi" ili ajilinde, moyo unaniuma, maana alitumia fedha kununua faraja isiyokuwepo.

Duniani kote saratani ya kibofu inawapata watu zaidi ya 600,000 kwa mwaka na kuua zaidi ya 200,000, na robo tatu ya wanaoipata ni wanaume. Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima milioni 2.6 wanaotumia tumbaku: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Ukilinganisha na nchi nyingine si kiwango cha kutisha. Lakini taifa letu ni la vijana, na saratani ya kibofu huja baada ya miaka mingi ya kuvuta. Wanaoanza leo na miaka 17 tutawapokea wodini wakiwa na miaka 50 na kitu.

Najua jibu litakalokuja kutoka kwa wataalamu wa wizara, na ni jibu lenye uzito. Watasema Kanda ya Ziwa shida ya kibofu ni kichocho. Ni kweli. Kando ya ziwa lenyewe kilichoenea zaidi ni kichocho cha tumbo, lakini ukiingia ndani, kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya Shinyanga, Simiyu, Kwimba na Misungwi, kuna kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo wake yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, yanaukera miaka nenda miaka rudi, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1994. Utafiti wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu waliopimwa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta zaidi ya nusu wana saratani ya aina ile inayoandamana na kichocho. Sina ubishi na hilo, kwa kuwa nimewauguza wagonjwa hao.

Ila nusu iliyobaki ilitoka wapi? Wengi wa waliobaki walikuwa na saratani ya utando wa kawaida wa njia ya mkojo, na hiyo ndiyo aina ambayo duniani kote kisababishi chake nambari moja ni sigara.

Tuwatazame Wamisri, maana wao wametutangulia. Misri ilikuwa nchi ya kichocho tangu enzi za mafarao, na saratani ya kibofu ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoongoza kwa wanaume wake. Mwaka 1980, katika taasisi ya saratani ya Cairo, takriban robo tatu ya saratani za kibofu zilikuwa za aina ya kichocho. Serikali yao ikapambana, dawa zikagawiwa vijijini, kichocho kikapungua sana. Kufikia mwaka 2005 aina hiyo ilikuwa imeshuka chini ya theluthi moja. Je, wodi za kibofu zilibaki tupu? Hapana. Saratani ya utando wa kawaida ilipanda ikachukua nafasi, na wataalamu wanaona sigara kuwa sehemu kubwa ya sababu. Walimtoa adui mmoja mlango wa mbele wakati mwingine yumo ndani tayari.

Sisi tunagawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mashuleni kila mwaka, na ni kazi njema inayostahili kuendelea. Tukifanikiwa, na naamini tutafanikiwa, watoto wa leo wa Kwimba hawatakuwa na kichocho wakifika utu uzima. Kitakachoamua hali ya vibofu vyao ni kile watakachokuwa wamevuta. Nchi inayowalinda watoto na mnyoo kisha ikawaachia sigara ya kununua moja moja kwa sarafu ya kiberiti itakuwa imefanya nusu ya kazi.

Sasa nije kwenye kichwa cha barua yangu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea wakiwa hai bado.

Dalili kuu ya saratani ya kibofu ni damu kwenye mkojo, na mara nyingi haina maumivu yoyote. Katika nchi nyingine mtu mzima akiona damu kwenye mkojo anakimbia hospitali kwa hofu. Huku kwetu hana hofu, kwa sababu kukojoa damu amekujua tangu utoto. Alipokuwa mvulana anachunga ng'ombe na kuogelea lamboni, wenzake wote walikojoa damu, na wakubwa wakaona ni kawaida. Kwa hiyo akiwa na miaka 55 na damu ikarudi, anasema ni kichocho cha zamani kimeamka. Anakwenda duka la dawa au zahanati na kupewa vidonge vya kichocho. Baada ya siku chache damu inakata.

Mheshimiwa Waziri, nakuomba utue hapo kidogo, maana mtego wote uko kwenye kukata huko. Damu ya saratani ya kibofu ina tabia ya kuja na kupotea yenyewe. Inaweza kutoka leo, ikanyamaza miezi miwili, ikarudi tena. Ikinyamaza baada ya vidonge, mgonjwa anaamini vidonge vimemponya, na aliyempa anaamini vivyo hivyo. Ikirudi, anarudia vidonge. Mara ya tatu anaambiwa labda ni U.T.I., anapewa antibaiotiki. Akiwa na umri mkubwa ataambiwa ni tezi dume. Mwanamke ndiye anayezungushwa zaidi, kwani kwake kila kitu cha mkojo kinaitwa U.T.I., hata akiwa hana homa wala hasikii moto anapokojoa. Wakati wote huo uvimbe unashuka kutoka kwenye utando kuingia kwenye nyama ya kibofu.

Na tofauti kati ya utando na nyama ndiyo tofauti ya maisha. Uvimbe ukikamatwa ungali kwenye utando, daktari bingwa anaukwangua kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kumpasua mtu tumbo. Mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku chache. Anaweza kuwekewa dawa ndani ya kibofu, na mojawapo ya dawa bora ni BCG, chanjo ileile tunayowachoma watoto wachanga dhidi ya TB, ambayo tangu mwaka 1976 ilionekana kuwa inauamsha mwili upigane na uvimbe wa kibofu. Saratani hii hupenda kurudi, kwa hiyo mtu ataendelea kuangaliwa kwa kamera, lakini ataishi, atalima, atawasomesha wanawe. Uvimbe ukishaingia kwenye nyama, kinachobaki ni kukitoa kibofu kizima, au mionzi, na mara nyingi kwetu hata hilo halifikiki kwa sababu ugonjwa umeshasambaa. Ukitolewa kibofu, kipande cha utumbo kinageuzwa njia ya mkojo unaotoka kupitia tundu tumboni, na mtu anavaa mfuko maisha yake yote. Mifuko yenyewe ni ghali, na kijijini haipo. Nimemhudumia mwanamume aliyekuwa akitumia mifuko ya nailoni ya sokoni, ngozi ya tumbo imeungua kwa mkojo. Alikuwa fundi seremala na alivuta tangu alipokuwa kijana wa kazi. Hakuna siku aliyowahi kuulizwa, kokote alikopita kabla ya kufika kwetu, kama anavuta.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Linahitaji waraka wako mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na kipengele kwenye mwongozo wa matibabu unaotumika kwenye zahanati na vituo vya afya. Mtu wa miaka 40 na zaidi akija na damu kwenye mkojo, aulizwe kama anavuta au amewahi kuvuta, na jibu liandikwe. Mayai ya kichocho yakionekana kwenye hadubini, atibiwe kichocho, lakini kuonekana kwa mayai kusiwe sababu ya kufunga faili. Mvutaji apewe rufaa siku hiyohiyo kwa ajili ya ultrasaundi na kamera ya kibofu. Asiyevuta arudi kupimwa baada ya wiki kadhaa, na damu ikiwa bado ipo, hata ile isiyoonekana kwa macho ila kwa kijiti cha kupimia mkojo, naye apewe rufaa. Nasisitiza kijiti kwa sababu kinapatikana karibu kila kituo na mhudumu yeyote anaweza kukisoma.

Rufaa bila mahali pa kupokelewa ni karatasi tu, nalijua hilo. Kamera za kibofu ni chache, na madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wengi wako kwenye hospitali kubwa za Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Dodoma. Mgonjwa wa Meatu au Kaliua anauza ng'ombe ili apate nauli na pa kulala, na anafika ng'ombe akiwa amekwisha na saratani ikiwa imekua. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa inahitaji kamera inayofanya kazi na mtu anayeweza kuitumia. Tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita chake kisimwache nje mgonjwa wa kamera za marudio, kwa sababu saratani hii bila marudio ni sawa na kutokutibiwa.

Ombi la pili ni juu ya pakiti. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia mwaka 2007, miaka minne baada ya sheria hiyo, na sheria haijawahi kuandikwa upya ili ilingane nao. Mkataba unataka maonyo yachukue angalau asilimia 30 ya uso wa pakiti, unapendekeza asilimia 50 au zaidi, na miongozo yake inahimiza picha. Pakiti ninazoziona mifukoni mwa wagonjwa wangu zina maneno matupu, tena ya jumla, ya kwamba sigara ni hatari kwa afya. Hatari gani? Kwa kiungo kipi? Mtu anayasoma kama anavyosoma jina la kiwanda. Kenya walitunga kanuni mwaka 2014, na tangu mwaka 2016 pakiti zao zina picha. Kampuni ya sigara iliwapeleka mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikaziacha kanuni zisimame. Uganda walipitisha sheria mwaka 2015: maonyo ya picha ya asilimia 65, na anayeuziwa sigara lazima awe ametimiza miaka 21. Sisi tulio majirani zao bado tunasoma sentensi moja.

Naomba pakiti ya Tanzania itaje kibofu kwa jina. Iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: "Sigara husababisha saratani ya kibofu. Ukikojoa damu, nenda hospitali." Na picha ya mkojo wenye damu ndani ya chupa ya maabara. Onyo la namna hii linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kijana analiogopa kabla hajaanza, na mzee aliyekwisha kuathirika anaitambua dalili yake mapema. Kwa mikoa yenye kichocho sioni tangazo la afya la bei nafuu kuliko hilo, maana gharama ya kulichapa ni ya kiwanda, na linamfikia mvutaji mwenyewe mkononi mara kumi kwa siku.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, hapa naomba na wewe unisikilize. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zote zifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja ya sigara. Sisi tuko mbali na hapo. Uzoefu wa nchi za kipato kama chetu ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi yanashuka kwa takriban asilimia 5, na wanaopunguza zaidi ni vijana na watu wenye kipato kidogo, ambao ndio tunaowataka waache. Ushuru ukipanda kidogo kila bajeti bila kuupita mfumuko wa bei na ongezeko la kipato, sigara inabaki rahisi vilevile. Naomba upande mpaka uhisiwe, na sehemu yake ijulikane wazi kuwa ni ya matibabu ya saratani.

Najua pia hofu ya Tabora na mikoa mingine ya tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, Chunya na Namtumbo kuna familia zinazoishi kwa tumbaku, na tumbaku inaliingizia taifa fedha za kigeni nyingi. Nina ndugu huko na siwaombei njaa. Lakini ushuru ninaouzungumzia ni wa sigara inayovutwa hapa nchini. Jani linalosafirishwa nje haliguswi nao, na sehemu kubwa ya jani letu husafirishwa. Mkulima wa Urambo hatapoteza mnunuzi wake wa ng'ambo kwa sababu kijana wa Mabatini, Mwanza, amekosa sigara ya bei rahisi. Suala la kumtafutia mkulima huyo zao mbadala ni la kweli na ni refu, na linastahili barua yake.

Ombi la mwisho ni la wale wanaotaka kuacha. Wapo wengi. Mgonjwa akishaelezwa, mara nyingi swali lake la pili ni: "Sasa nitaachaje?" Na hapo mimi muuguzi sina cha kumpa isipokuwa maneno. Wodi yetu haina bazoka za kutafuna zenye nikotini wala viraka vya kubandika, ingawa Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na varenikilini. Kuacha kuna faida hata kwa aliyekwisha kuugua, kwani anayeendelea kuvuta baada ya uvimbe kukwanguliwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya uvimbe huo kurudi. Kwa ambaye hajaugua, hatari huanza kushuka ndani ya miaka michache, ingawa hairudi kuwa kama ya asiyewahi kuvuta. Ndiyo maana nasema kila mwaka wa kuchelewa una gharama yake. Nikotini haiachi kirahisi. Mtu anayetumia kila alichonacho kupambana nayo anastahili msaada wa dawa kama tunavyomsaidia mgonjwa wa presha. Vituo vya afya vingeanza na mafunzo ya siku mbili kwa wauguzi juu ya namna ya kumshauri mvutaji, na dawa zifuate kupitia Bohari ya Dawa.

Mheshimiwa Waziri, sijaomba hospitali mpya. Nimeomba waraka, maneno mawili matatu kwenye pakiti na picha moja, ushuru unaohisiwa, kamera kwenye hospitali za mikoa, na dawa za kuachia sigara. Waraka unaweza kutoka kabla mwezi huu haujaisha. Rasimu ya kipengele cha damu kwenye mkojo inaweza kuandikwa na madaktari bingwa wachache pamoja na waganga wa zahanati wanaowaona wagonjwa hawa kwanza, na sisi wauguzi wa wodi za mkojo tuko tayari kuitwa Dodoma, au kuwapokea maofisa wako huku, ili wawaone wagonjwa kitandani na kuwasikia wenyewe wakieleza walipitia wapi kabla ya kufika kwetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, Kanda ya Ziwa